Mlango wa Nyumba ya Mwalimu

Nyabuhanze, karibu na Runzewe
19 Januari 1953

Mwalimu Theonest,

Nakusalimu. Ni mimi Klara, Mama Bernadina, uliyenikuta kwenye nyumba ya mwalimu siku ile ulipofika na kulala hapa. Anwani yako nimepewa na Bwana Muhidini, msimamizi wa shule, alipopita akirudi Kahama. Barua hii inachukuliwa na lori la mume wa Mwamvua, mwenye duka pale Runzewe, ambalo hupeleka mchele huko kwenu mgodini Geita.

Asubuhi ile ulisema unakwenda kuchukua sanduku lako la vitabu, halafu utarudi. Tumekungoja. Watoto walikuja Jumatatu wakafagia uwanja, wakakaa. Jumanne wakaja tena. Siku hizi wanakuja wachache, wavulana wengi wamerudi kwenye ng'ombe.

Sikuandikii kukulaumu. Nataka ujue hali ilivyo, kwa sababu huenda hukuelezwa. Mume wangu Gregory alifariki mwezi wa kumi kwa homa ya mkojo wa damu. Yeye ndiye aliyeanzisha shule hii, na kwa muda mrefu wazazi walimlipa mtama na kuku. Kisha ukaja mpango mpya wa Serikali. Hazina ya mtemi inalipa nusu ya mshahara wa mwalimu, na Serikali nusu. Na kwa kuwa walimu ni haba, mwalimu mmoja anafundisha zamu mbili, wadogo asubuhi na wakubwa mchana. Watu wakaongezewa kodi kwa ajili hiyo, wakalipa. Nyumba ya mwalimu wakaijenga wenyewe kwa matofali mabichi. Gregory alikaa humo masika moja.

Sasa sharti ni kwamba shule isiyo na mwalimu mwenye cheti, anayelala papo hapo kwenye nyumba ya shule, ikifika mwisho wa Machi inafutwa, na fedha yake inapewa shule nyingine. Kodi haipunguzwi. Mwalimu mwenye cheti tuliyepewa ni wewe. Hakuna mwingine.

Nimejiuliza kama ni chakula. Nilikupikia kuku na ugali wa mtama, hukugusa, ukasema tumbo. Pengine hukuzoea mtama. Nitakutafutia mchele. Kama ni kitanda, kamba zake nilizikaza upya. Mimi na mtoto tunalala jikoni, hatutakusumbua. Makubazi niliyokuwekea mlangoni hukuyavaa, nikafikiri hayakukutosha. Gregory alikuwa na mguu mdogo kwa mtu wa urefu wake. Mafundi viatu walikuwa wakimcheka.

Tafadhali jibu.

Klara, Mama Bernadina

*

Kambi ya mgodi, Geita
30 Januari 1953

Mama Bernadina,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea mkononi mwa dereva, naye aliningojea nisome, sijui kwa nini.

Naomba radhi kwa kuchelewa. Nilipofika huku nilishikwa na homa. Dada yangu ninayekaa kwake naye amejifungua, na shemeji yangu yuko zamu chini ya ardhi, kwa hiyo kuni na maji ni juu yangu. Barabara pia imekatika mtoni. Mambo haya yote yamekuja pamoja.

Chakula kilikuwa kizuri sana. Tumbo ni langu tu. Nakuomba usihangaike kutafuta mchele. Nakuomba kabisa usihangaike.

Siku ile sikukupa pole kama inavyopasa. Pole kwa msiba.

Ni mimi,
Theonest

*

Nyabuhanze
9 Februari 1953

Mwalimu Theonest,

Marahaba. Pole kwa homa, na mpe dada yako hongera ya mtoto.

Barua yako nilimsomea Masele, mwanangwa wetu, kwani yeye ndiye mkuu wa kijiji na ndiye atakayejibu kwa mtemi shule ikifutwa. Akasema, "Mwambie huyo kijana kama anaogopa simba, simba walikwisha hama. Wamebaki fisi, na fisi hawajui kusoma, hawatamghasi." Wazee wakacheka. Baadaye, tulipobaki wawili, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani tumemkosea nini?"

Watoto wanaokuja nakaa nao asubuhi. Mimi nilisoma kwa masista mpaka darasa la tatu, basi nawaandikia herufi ubaoni, wanaimba. Mchana hakuna mtu. Wakubwa wanachungulia dirishani, wakiona ni mimi wanaondoka.

Mchele umepatikana, usijali. Mwamvua ameniletea wa Kahama, mzuri, hauna mawe. Nimefua pia koti la Gregory, lile la kijivu, nikalikunja chini ya godoro linyooke kama alivyopenda yeye. Huko kwenu mgodini mna joto, lakini hapa asubuhi za Juni ni baridi, utalihitaji. Kufua na kupiga pasi nguo zako nitafanya mimi.

Jioni mahali pazuri pa kukaa ni mbele ya mlango, karibu na kaburi. Pana upepo. Gregory mwenyewe ndiye aliyepapenda, alikuwa akisahihishia kazi za watoto pale mpaka giza. Kaburi tumelipanga mawe sasa, halitakuingizia vumbi ndani. Watu walitaka kumpeleka kwenye makaburi ya misheni, Masele akakataa. Alisema, "Mwenye nyumba anazikwa kwake. Mwalimu wetu kwake ni hapa." Wakachimba hatua chache kutoka mlangoni, kama anavyozikwa mtu aliyeacha mji. Ni heshima kubwa, kwa mtu aliyezaliwa Ushetu. Waliniuliza, nikaitikia. Nakumbuka niliitikia.

Njoo, Mwalimu. Kila kitu kiko tayari.

Klara, Mama Bernadina

*

Kambi ya mgodi, Geita
17 Februari 1953

Mama Bernadina,

Shikamoo.

Ni vizuri niseme mapema usije ukaendelea kungoja. Huku nimepata nafasi ya ukarani katika ghala la mgodi. Kazi ni kuandika vinavyotoka na vinavyorudi, majembe, taa, viatu. Mshahara unauzidi ule wa mwalimu, hata kwa mpango mpya. Nitaanza mwisho wa Machi. Wenzangu wawili niliosoma nao ualimu wako humuhumu, kwa hiyo usidhani ni mimi peke yangu.

Koti la marehemu naomba uwape ndugu zake. Na makubazi. Mama, naomba usiniwekee kitu chochote.

Kesho ni Jumatano ya Majivu. Nitamkumbuka Mwalimu Gregory katika sala.

Theonest

*

Kahama
25 Februari 1953

Kwa Mwanangwa Masele, Nyabuhanze
Kwa mkono wa Mama Bernadina, ambaye tafadhali amsomee

Nimepata habari kwamba mwalimu aliyepangwa kwenu hayupo kituoni. Ninapaswa kukukumbusha maneno ya waraka wa elimu.

Mwaka huu waliofuzu ualimu hawakutosha nafasi zilizopo, na katika hao wapo waliokwenda migodini kabla ya kushika chaki. Shule zinazoomba mwalimu wa kugharimiwa nusu kwa nusu ni nyingi kuliko walimu. Kwa sababu hiyo Serikali haiwezi kuiwekea akiba shule isiyo na mtu. Nitafika kwenu tarehe 30 Machi. Nitaangalia mambo matatu: mwalimu, cheti chake, na kama analala katika nyumba ya shule iliyokubaliwa. Nyumba ya kupanga kwa mtu haikubaliwi, wala kibanda. Likikosekana moja, nitaandika kwamba shule imefungwa. Sina ruhusa ya kuongeza hata siku moja.

Msimamizi wa Shule,
Muhidini

Mama Bernadina, barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kali zaidi. M.

*

Nyabuhanze
4 Machi 1953

Mwalimu Theonest,

Sikutaka kukuandikia tena. Naandika kwa sababu jana nilichekwa, na ninadhani ni kweli walichonichekea.

Nilikwenda dukani kwa Mwamvua kumrudishia kibaba chake cha kupimia mchele. Akaniuliza kama mwalimu ameitika. Nikamwambia anakwenda kuwa karani. Akauliza, "Hebu nitajie, siku ile ulimfanyia nini na nini?"

Nikamtajia.

"Kuku?"

"Kuku."

"Ukamlaza kitanda cha nani?"

"Chetu."

"Na makubazi ya marehemu mlangoni?"

"Ya marehemu, ndiyo."

Mwamvua akaweka mizani chini. "Ewe Klara! Matanga hayajaanuliwa, nywele hujanyoa, unampikia kijana wa watu kuku, unamtandikia kitanda cha mumeo, na viatu unamwekea! Ulitaka akimbie kwa miguu mingapi? Kwetu sisi Waislamu ungekuwa edani, hata kivuli chake usingekiona. Na umeendelea kumwandikia! Umemwambia nini tena?"

"Nimemwambia nimemfulia koti."

Wanawake waliokuwa wakinunua chumvi walicheka mpaka Esta, mke wa Masele, akaketi chini. Esta akasema, "Hata mimi nilimtania siku ile. Nilimwambia, mwalimu, nyumba ipo, chakula kipo, mama mwalimu yupo, umebakiza kuoga tu." Nami nilicheka, nadhani. Sauti ilitoka.

Wewe unajua, na mimi najua, kwamba huku kwetu mwanamume akila chakula cha mjane ndani ya nyumba ya marehemu kabla ya matanga kuanuliwa, amemrithi, yeye na watoto. Nilijua hayo tangu utoto. Niliona yakifanyika kwa shangazi yangu. Siwezi kukueleza kwa nini sikuyafikiri. Tangu mwezi wa kumi yapo mambo ninayoyajua lakini hayanijii. Juzi nilichota maji, nikarudi na ndoo, nikakuta ndoo nyingine nimekwisha ijaza. Siku ile nilimwona mgeni amechoka na njia, nikapika. Ni hivyo tu.

Sikutaka uwe mume wangu. Nisamehe kwa kuliandika neno hili waziwazi kwa kijana kama wewe.

Je, ni hilo lililokuondoa? Kama ndilo, nitahama hata kesho nikae kwa Esta, na wewe utapikiwa na wake za watu wengine walio hai.

Klara

*

Kambi ya mgodi, Geita
11 Machi 1953

Mama Bernadina,

Shikamoo sana.

Dada yangu aliniona nikisoma barua yako akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni habari ya kuku.

Ni hilo, na kuna jingine. Nitayasema yote mawili, kwa kuwa wewe umesema.

La kwanza umekwisha lijua. Mimi nimemchumbia msichana wa hapa kambini, Apolonia, binti wa katekista wetu Marselino. Ndoa ni baada ya Pasaka, Kwaresima ikiisha. Nilipoona kuku, na kitanda, na yule mama akasema maneno yake ya kuoga, nilidhani kijiji kizima kimekwisha kata shauri, na wewe ukiwemo. Nilikuogopa. Nisamehe. Ulikuwa umekaa jikoni unatazama moto tu, nami nikafikiri unangoja.

La pili ni kaburi. Alfajiri niliamka kutoka nje. Nikafungua mlango, na pale mbele yangu kuna mawe na msalaba. Basi nikapiga hodi. Natoka, Mama, na nikapiga hodi. Nilisimama kizingitini nikingoja nikaribishwe nje. Hapo nikajua kwamba nyumba ile ina mwenyewe, na yumo. Chuoni tulifundishwa kucheka mambo hayo. Nilijaribu kucheka njia nzima hadi Runzewe.

Nilipomsimulia Marselino, mtu wa sala kama yeye, hakunicheka. Alisema, "Mwenye nyumba yuko mlangoni. Binti yangu utampitishia wapi?"

Ukarani sijautia sahihi. Kuhesabu taa na majembe naweza, lakini juzi nilijikuta nawafundisha vibarua kuandika majina yao kwenye vumbi, wakati wa chakula, na chakula changu kikapoa. Nilimwandikia Bwana Muhidini kama ninaweza kukaa hata kwenye nyumba ya nyasi hapo kijijini. Amejibu hapana, lazima iwe nyumba ya shule, na kujenga nyingine hakuna wakati.

Hata ukihamia kwa Esta, Mama, mlango utabaki palepale. Sioni njia. Ningeiona ningekuja.

Theonest

*

Nyabuhanze
22 Machi 1953

Mwalimu Theonest,

Marahaba. Asante kwa kusema.

Barua yako nilimsomea Masele, ila sehemu ya Apolonia sikuisoma kwa sauti. Akaita watu. Alisimama akasema, "Tulimzika mtu wetu kwa heshima, na sasa heshima hiyo imetufungia shule." Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akauliza kama kaburi linaweza kuhamishwa. Wote wakanitazama mimi. Nilikuwa nikijaribu kuona kama nina la kusema, na sikuona. Esta akasema kwa niaba yangu, "Hapana. Mwacheni."

Nikamkumbuka shangazi yangu. Nyumba yake ilipopewa mtu mwingine baada ya mumewe, waliuziba mlango wa zamani wakafungua mwingine upande wa pili, na mwenye nyumba mpya akaingilia huko. Nikalisema. Nililisema taratibu, nikadhani hawakusikia. Masele akapiga paja. "Mlango ugeuzwe!" akasema. "Kaburi litakuwa nyuma ya nyumba, na nyumba itatazama shule. Kwani tangu mwanzo ilitazama wapi? Ilitazama kichaka!"

Lakini mlango haugeuzwi kabla ya matanga kuanuliwa, na ukigeuzwa, aliyekuwa wa mlango wa zamani hawezi kuingia kwa huo mpya akakaa. Hayo wote tulikuwa tukiyajua, hakuna aliyeyataja mbele yangu.

Shemeji yangu Donatus, ndugu yake Gregory, alikuja kutoka Ushetu. Nilinyolewa asubuhi, matanga yakaanuliwa. Kisha mbele ya wazee akaniambia, "Shemeji, ukoo umenituma niulize."

"Uliza."

"Utabaki kwetu?"

"Hapana, shemeji."

Alishusha pumzi ndefu hata wazee wakaangua kicheko. "Msinicheke," akasema, "ninao wake wawili nyumbani, nao wakianza habari za tumbaku mimi nalala kwenye bani la kuikaushia." Ni mtu mwema. Ana sauti ya Gregory anapokohoa. Nilimpa koti na makubazi. Makubazi yalimbana, akayavaa hivyohivyo.

Ila Bernadina ni mtoto wa ukoo wao, na alitaka kwenda naye. Kwao shule iko mbali, mtoto wa umri huo hafiki kwa miguu. Nikamwomba amwache hapa asome. Akauliza, "Na wewe unakwenda Kahama kwa kaka yako. Mtoto atabaki na nani?" Mwamvua, ambaye hakualikwa kwenye baraza lile lakini alikuwepo, akasema, "Na mimi. Atakula kama watoto wangu, na Jumapili nitamtuma kanisani kwake mwenyewe, msiwe na shaka." Donatus akafikiri. Akakubali mpaka amalize darasa la nne.

Kwa hiyo mtoto anabaki, mimi naondoka. Januari, kaka yangu, ana kazi ya mpunga Kahama na anahitaji mtu wa kupepeta.

Vijana walikata ukuta juzi. Matofali waliyoyatoa upande wa shule ndiyo waliyozibia upande wa kaburi, hayakubaki wala hayakupungua. Ubao wa mlango ametoa Masele kwenye ghala lake la mtama, pembe moja imeliwa na panya. Bernadina alikuwa akiwapelekea udongo. Wakati wa kuziba walifika mahali ambapo ndani palionekana kama dirisha, kisha kama tundu, kisha basi.

Nyumba ni tupu na imefagiwa. Lori langu ni kesho. Njoo kabla ya tarehe 30.

Hakuna kitu chochote nilichokuwekea.

Klara

*

Shule ya Nyabuhanze
20 Aprili 1953

Mama Bernadina,

Shikamoo. Nadhani Mwamvua amekwisha kukutumia habari, lakini ni haki uipate kwangu.

Nilifika tarehe 27. Nilipitia upande wa shule kama ulivyoelekeza. Masele alinifungulia mlango wake wa ghala akasema, "Karibu nyumba mpya," na wanafunzi wakubwa wakapiga makofi kama arusi. Nililala. Nililala usingizi, Mama.

Bwana Muhidini alikuja tarehe 30 na baiskeli yake. Alitazama cheti, akatazama kitanda, akagusa godoro kama lina joto. Kisha akazunguka nyumba, akakuta ule ukuta uliozibwa, matofali bado yana rangi nyingine.

"Hiki nini?" akauliza.

"Mlango," Masele akajibu.

"Mbona haufunguki?"

"Unafunguka upande wa pili, bwana."

Bwana Muhidini akaandika kitu, sijui alichoandika. Alivua kofia, akasimama peke yake kaburini kwa kitambo. Aliporudi aliomba maji ya kunywa, akasema shule imebaki, na mshahara nusu kwa nusu utaendelea. Nadhani watu walingoja aseme lingine. Ndipo Esta akapiga kigelegele, na wengine wakafuata.

Tulifunga ndoa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Apolonia amefika juzi na anakusalimu. Ameingia kwa mlango bila neno. Wavulana wamerudi, hata wale wa ng'ombe, kwa sababu sasa anayechunga asubuhi anasoma mchana na ndugu yake anabadilishana naye. Zamu mbili zinanichosha mpaka sauti inakauka. Sijutii.

Sasa jambo moja nakuuliza wewe. Bernadina anasoma vizuri, anasoma hata maandishi ya kwenye magunia ya Mwamvua. Lakini kila siku, kabla ya kuingia darasani, hupitia nyuma, husimama pale ulipokuwa mlango. Hasemi, halii. Anasimama tu, akiutazama ukuta, kisha anazunguka nyumba na kuja. Wenzake wameanza kumngoja. Apolonia anasema nimkataze, litamzoesha huzuni. Nifanyeje?

Theonest

*

Kahama
3 Mei 1953

Mwalimu Theonest,

Marahaba, wewe na mkeo. Mungu awape nyumba yenye watu.

Barua yako niliisomea uani nikiwa na ungo mapajani. Januari akauliza, "Habari gani?" Nikasema shule imebaki. Akasema, "Basi umefanya kazi kubwa, dada." Nikaitikia, nikaendelea kupepeta. Nilidhani habari hiyo ikija nitafurahi, nami nilikuwa nikiingoja ili nifurahi. Najua ni habari njema. Nitakapofurahi nitakuandikia.

Bernadina usimkataze. Ataacha mwenyewe. Asipoacha, usimkataze pia. Ila Apolonia asidhani mtoto anamchukia. Akimkuta pale amwite tu kwa jina ndani, kama anavyomwita mtoto yeyote aliyechelewa. Yeye huitika upesi akiitwa kwa jina lote. Akifupishiwa hujifanya hasikii, hata baba yake alikuwa hamwiti Dina.

Mwamvua ananiambia sasa Apolonia ndiye wanayemwita Mama Mwalimu. Alinificha wiki nzima kabla ya kulisema. Mwambieni asinifiche, ni jina la nyumba hiyo.

Hapa nakaa vizuri. Kazi ni nyingi asubuhi. Mchana watu wa mpunga hulala, mashine inazimwa, nami hukaa. Gregory zamu ya mchana alikuwa akila amesimama, kisha anatoka na kabla hajafika darasani alikuwa akisema kwa nguvu, "Haya!" Watoto walikuwa wakimwigiza. Mimi nilikuwa jikoni nikisikia hilo neno, najua sasa naweza kuosha vyombo.

Huku hakuna shule ninayoisikia, na saa za mchana zinanipotea. Nakuomba uniandikie zamu ya wakubwa inaingia saa ngapi siku hizi. Zamani ilikuwa saa nane. Kama umeibadilisha, niambie pia.

Klara